Alama ya Penseli Chini ya Mlima Kulal

Mwaka nilioingia kidato cha kwanza Homa Bay, shule ilitaka kila daftari livalishwe jalada. Magazeti nyumbani kwetu Karungu yalikuwa yamekwisha. Mimi, mjuaji wa kupindukia, nikafungua sanduku la bati la baba, nikatoa ramani.

Ilikuwa ya zamani, karatasi nzito. Mlima Kulal, ule wa volkeno, ulichorwa kwa mistari ya kahawia iliyobanana, na kando yake jangwa la Chalbi, weupe mtupu usio na hata kijito. Ujanani, baba na mdogo wake waliwabebea wapimaji wa ardhi minyororo yao ya kupimia huko. Nikaikata vipande vinne. Bwenini walinionea gere kwa majalada yale. Mwaka ulipoisha, madaftari yote nikampa mama mmoja ayafungie karanga zake sokoni.

Sikujua kwamba baba mdogo alikufa huko kwa homa, wala kwamba baba alitia alama ya penseli pale walipomzika. Baba hakupenda kulitaja jambo hilo.

Nilijua nyanya alipoanza kudhoofika. Alitaka mwanawe aliyezikwa kule aletwe alale nyumbani kabla yeye hajafa. Jamaa wakapata lori. Baba akafungua sanduku, akapekua, akapekua tena, akaniuliza.

"Ni mchwa, baba," nikasema.

Mchwa ndani ya bati! Lakini baba aliniamini, kwa kuwa sikuwa na mazoea ya kumdanganya. Ramani nyingine ilipatikana Nairobi, safi, haina alama. Baba aliikodolea macho siku nzima asikumbuke ni upande gani wa mlima. Lori likarudishwa.

Kwetu, mwili usipopatikana, huzikwa tunda la yago, yaani mwegea, badala yake, lile refu na zito. Wakalifunga shuka, wakalishusha kaburini nyuma ya nyumba ya nyanya, nasi tukalia kama iwapasavyo waliofiwa. Nyanya alichungulia shimoni kwa muda mrefu.

Ndipo baba, mwenye mvi zake, akapiga magoti mbele ya watu wote. "Mama, nisamehe. Kaburi la mwanao nililipoteza mimi."

"Inuka, wuoda," nyanya akamwambia, "inuka, mwanangu. Nimekusamehe."

Nilikuwa hatua mbili nyuma ya baba, na nikafyata ulimi. Wote wawili wamekwisha kufa, na hakuna niliyemwambia.