Kinu cha Konsolata

Asubuhi ya mwisho ya kawaida nilikuwa juu ya bati la nyumba ya dada yangu Konsolata, nafunga paneli ya sola, na yeye alikuwa chini mlangoni anabishana na mama mmoja muuza dagaa. Yule mama alisema bei imepanda kwa sababu petroli ya boti imepanda. Konsolata akamwambia dagaa hawanywi petroli. Wakacheka wote wawili, akaongezewa konzi moja. Mashine ya kusaga ya mtaani ilikuwa inanguruma tangu alfajiri, na kwa kuwa ilinguruma kila siku, hakuna aliyekuwa anaisikia.

Sisi ni watu wa Katumba, mkoani Katavi. Wazazi wetu walifika pale wakikimbia Burundi, sisi tukazaliwa pale, na baadaye tukapata uraia. Konsolata aliolewa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Mumewe alikufa kwa maradhi, akabaki na nyumba na biashara ya vitenge. Mimi ni fundi wa pampu za maji na sola. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwenye vitabu vya mitumba vilivyokuwa vinauzwa Mpanda mjini, na kwa kufungua vitu vilivyoharibika. Nilivuka kutoka Karema kwenda kumsalimia dada, kazi zikawa nyingi, nikakaa. Mji ule sitautaja, wala waliopigana. Wapo watu wanaoishi pale hadi leo.

Dalili zilianza kwa vitu vidogo. Benki iliishiwa noti na haikuletewa nyingine. Walimu waliwasafirisha wake zao wakisema wanaenda kusalimia wakwe. Fundi wa minara ya simu, ambaye nilikuwa nafahamiana naye, alifungasha vifaa vyake na kwenda likizo isiyokuwa na tarehe ya kurudi. Nilikulia kati ya wazee ambao kila mmoja wao aliwahi kuacha nyumba na chungu jikoni, kwa hiyo sikungoja tangazo.

Nilinunua mahindi makavu nikayaweka kwenye mapipa ya bati. Juu ya mahindi niliwasha mshumaa mfupi, nikafunga kifuniko na kuziba ukingo kwa nta; mshumaa unamaliza hewa na kuzima, na wadudu wanakufa humo humo. Niliweka chumvi, sabuni, sukari ya kuchanganya maji ya mtu anayeharisha. Nilijenga chujio la mchanga na mkaa. Nilinunua tangi la maji la plastiki nikaliweka nyuma ya nyumba. Nilichagua nafaka badala ya unga kwa sababu unga unaharibika mapema na mahindi makavu yanakaa. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, na mpaka leo naiona sahihi.

Konsolata alisimama mlangoni akinitazama nikizungusha pipa la mwisho.

"Mdogo wangu, umeamua kuoa mahindi?"

"Nataka tule."

"Mbona tunakula? Acha hilo pipa, chai inapoa."

Jirani yetu wa mbele, Mama Neema, alikuwa ananiita Nuhu. "Nuhu," akasema siku hiyo kutoka upande wa pili wa njia, "safina ikikamilika uniambie. Mie naingia na kuku wangu, ila jogoo namwacha, ana kelele."

Wiki hiyo hiyo bomu lilianguka kwenye ukuta wa shule.

Konsolata alikuwa anapita hapo, anatoka sokoni. Alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, kitenge kimejaa vumbi jeupe, damu imekauka chini ya masikio yote mawili. Nilimuuliza ameumia wapi. Aliniangalia mdomo.

"Sema kwa nguvu," akasema.

Nilikuwa napiga kelele tayari.

Baada ya siku chache sikio moja lilianza kusikia kidogo. Ukisimama mbele yake ukasema polepole, alikuelewa. Ukiwa nyuma yake, hupo.

Walioushika mji waliondoka, wakaingia wengine, na kati yao hapakuwa na mtu wa kuendesha chochote. Umeme ulikatika. Bomba likatoa upepo, halafu hata upepo haukutoka. Simu ikabaki ya kutazamia saa. Mwenye mashine ya kusaga alichukuliwa dizeli yake yote, na mashine ikanyamaza. Ndipo mtaa mzima ulipoisikia.

Tulikuwa na mahindi na hatukuwa na unga. Kuchemsha punje nzima kavu kunakula kuni za kutwa, na kuni zilitoka mlimani, ambako wenye silaha walikuwa wamekaa. Tukarudi kwenye kinu. Kila nyumba ilikuwa nacho, kingine kimekuwa stuli, kingine kinalaliwa na kuku.

Mji usio na gari wala jenereta unasikika kutoka mlimani hadi ziwani. Watu wenye silaha walikuwa wachache na nyumba zilikuwa nyingi, hivyo hawakuhangaika kupekua mlango kwa mlango wakitafuta chakula. Walikuwa wanasikiliza. Nyumba ya kwanza kutwanga mtaani kwetu waliifikia kabla unga haujachekechwa.

Ni Mama Neema aliyepata njia.

"Tutwange wote kwa pamoja," alisema tulipokutana nyuma ya nyumba yake. "Jua likiwa utosini. Nyumba zote. Sasa wao wachague."

"Na asiye na kitu?" mtu mmoja akauliza.

"Atwange pumba. Hana pumba, atwange mchanga. Nani amekuambia kinu kinatoa sauti ya unga?"

Basi kila adhuhuri Mama Neema alianza, na vinu vyote vilimfuata. Mzee mmoja mwisho wa mtaa, ambaye alikuwa hana chochote ndani, alitwanga mchanga kila siku na hakukosa. Sisi wenye mahindi tulimpelekea unga baadaye, kidogo kidogo, chini ya nguo. Kanuni ilikuwa moja: ukisikia gari, acha. Jirani akisikia umeacha, naye anaacha. Kimya kilipita mtaani kama kivuli cha wingu, na gari lilipofika lilikuta nyumba zote zinafanana.

Konsolata alitwanga kama wengine. Alivua ndala akasimama peku, akasema vinu vya wenzake anavisikia kwa nyayo. Nilimjaribu. Nilimwambia afumbe macho, na kila Mama Neema alipoanza, Konsolata alitabasamu na kuinua mchi. Lakini sikutaka kutegemea nyayo peke yake. Nilikuwa nakaa mbele yake kwenye ndoo iliyopinduliwa, naangalia lango, na nikisikia chochote nilinyoosha mkono juu. Aliacha papo hapo, mchi ukiwa hewani.

"Unanisimamisha kama trafiki wa Mpanda," aliwahi kuniambia.

"Trafiki angekutoza."

"Na wewe unakula unga wangu. Tofauti iko wapi?"

Tuliishi hivyo mpaka mvua zikakaribia. Sitasema tuliishi vizuri. Lakini mtaa wetu ulikuwa unakula, na mitaa mingine ilikuwa haili.

Halafu risasi iliyorushwa na watu waliokuwa wanagombana wao kwa wao barabarani ilitoboa tangi. Tulipogundua, maji yalikuwa yameshaingia ardhini. Foleni ya mtoni ilikuwa ndefu, na aliyechelewa alichota tope. Ilibidi mmoja wetu aende asubuhi na akae mpaka zamu yake ifike. Konsolata hakuweza kwenda, maana njiani ulihitaji kusikia.

"Leo usitwange," nilimwambia, nimesimama mbele yake.

"Nisipotwanga kutakuwa na pengo. Watajua nyumba moja imenyamaza."

"Hawajui kuhesabu vinu."

"Unga pia umekwisha," akasema. Akapiga chini kwa kisigino mara mbili. "Nenda. Nitasikia kwa miguu."

Nilikwenda.

Zamu yangu ilikuwa imekaribia jua lilipofika utosini. Mto uko bondeni, na kutoka pale mtaa wetu ulikuwa unasikika wote. Mama Neema alianza. Wengine wakaingia. Mwanamume aliyekuwa mbele yangu alisema, "Mtaa wenu nyie mnakula kila siku sikukuu," na watu wakacheka kwa sauti ya chini.

Kisha upande wa barabara ya mlimani vinu viwili vikanyamaza.

Vikafuata vingine, nyumba kwa nyumba, kama ilivyokuwa kawaida. Nilimsikia yule mzee wa mchanga akiacha. Nilimsikia Mama Neema akiacha.

Kikabaki kimoja.

Mtu ambaye hakai pale asingejua ni cha nani. Mimi nilijua. Alikuwa ana namna ya kugonga ukingo kila baada ya mapigo machache, kuangusha unga ulioganda kwenye mchi.

Ndipo nikaelewa, nimesimama na madumu mawili matupu. Nyayo zilimwambia wenzake wameanza, kwa kuwa yeye alikuwa bado hajaanza. Akishaanza, anachosikia chini ya miguu yake ni kinu chake mwenyewe.

Kiliendelea. Niliacha madumu nikakimbia, na nilipokuwa napanda kilima kilikuwa bado kinaendelea.

Akagonga ukingo.

Kikanyamaza.

Mama Neema alinikamata mwanzo wa mtaa, akanibana ukutani kwa mwili wake wote. Ni mwanamke mwembamba. Sikuweza kumtoa.

"Bado wako ndani," akasema. "Baba, bado wako ndani."

Gari lilipoondoka tuliingia. Dada yangu alikuwa amelala kwa ubavu karibu na kinu, peku, ndala zake zimepangwa sawasawa pembeni. Risasi ilimwingia mgongoni. Naamini hakumwona aliyempiga, na sijui kama hilo lina nafuu yoyote. Mapipa walichukua, wakaacha moja lililokuwa nyuma ya mlango. Unga uliokuwa ndani ya kinu hawakuugusa.

Tulimzika nyuma ya nyumba, karibu na tangi lililotoboka. Mama Neema alikusanya ule unga, akauchekecha, akapika ugali kwa waliochimba kaburi. Mimi pia nilikula. Ulikuwa umetwangwa laini sana.

Nilivuka ziwa boti zilipoanza tena kwenda Karema. Nyumbani Katumba nilimkuta mama amekaa uani, anachambua maharage. Alikuwa ameshapata habari ya kifo, lakini si ya namna kilivyotokea. Nikamweleza yote. Hakulia mbele yangu.

"Kumbe ulikuwa unakaa mbele yake?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Na siku ile?"

"Nilikuwa mtoni."

Alitoa jiwe dogo kwenye maharage akalitupa.

"Maji nayo yanahitajika," akasema.

Siku hizi watu wanakuja kwangu. Wanasikiliza redio, wanasikia miji ya wengine inavyozimika, wanataka kujua niliweka nini na kiasi gani. Vijana wananiita Fundi Kiama. Nawaonyesha pipa na mshumaa, nawaonyesha chujio, na nawashauri waache pia mihogo shambani bila kuichimba, kwa kuwa shamba halibebeki kwenye gari. Wanauliza maswali mazuri. Mara nyingi wanauliza kama mahindi yalitosha.

Yalitosha. Pipa lililoachwa nyuma ya mlango tulilila mtaa mzima mpaka njia zilipofunguka, na lilibaki robo. Chakula kilitosha, chumvi ilitosha, sabuni ilibaki. Hilo ndilo ninaloshindwa kulizoea.

Kila Jumamosi mimi na mke wangu, niliyemwoa baada ya kurudi, tunatwanga mahindi uani, michi miwili kinu kimoja. Majirani wanatutania.

"Fundi, mashine si ile pale? Au umemkosea mama watoto?"

"Inaweza kuharibika," najibu.

"Ikiharibika si wewe utaitengeneza?"

Mama anatolewa kiti chake, anakaa mbele yetu, uso kwenye njia. Hakuna aliyemwomba. Tunatwanga, na wakati mwingine bado hatujasikia kitu, yeye ananyoosha mkono juu. Tunaacha, michi ikiwa hewani. Tunasubiri. Inapita bodaboda ya mtu anayetoka mnadani, na kuku wamefungwa nyuma. Mama anaiangalia mpaka inapotea kabisa.

Kisha anashusha mkono.