Mtoto Aliyefunzwa Kuitika

Musyoka, mchonga vinyago wa mtaa wa Umoja, alikuwa mtu wa maneno machache, na bintiye Ndindi, wa miaka minane, hakuwa na maneno kabisa. Kilichomnyima baba usingizi ni mbio za mtoto. Geti likiachwa wazi kidogo tu, Ndindi alichomoka kuelekea barabara kubwa, na honi kwake hazikuwa kitu.

Mwalimu Hibo, aliyefunza watoto wa namna hiyo, alimwonyesha njia.

"Baba Ndindi, usimfokee. Mwite, nyoosha mkono. Akija, mpe njugu papo hapo. Tendo likilipwa hurudi. Lisipolipwa hufifia."

Ndindi alishika upesi. Kisha Hibo akasema asifunzwe na mtu mmoja, asije akamwitikia huyo peke yake. Ploti nzima, wapangaji wote wa ua ule, ikaingia kazini. Fadumo mwenye duka aliweka kopo la njugu dirishani. "Njoo, nipe mkono," kila mlango uliita, na Ndindi akaenda kila mlango.

"Huyu sasa ni wa ploti," Fadumo alimtania Musyoka. "Wewe umebaki kulipa nyumba tu."

Musyoka alicheka. Siku mtoto alipompa mkono mchuuzi wa maji aliyekuja mara ya kwanza, watu walipiga makofi. Yeye hakupiga.

Jumamosi moja, akipiga msasa kinyago, alisikia nje sauti ngeni ikisema maneno yale yale. Alipotoka, mwanamume wa kofia ya kijivu alikuwa amemshika Ndindi mkono, wameshaanza kutembea.

"Unampeleka wapi?"

"Amenifuata mwenyewe, mzee." Mtu yule alimwachia, akaondoka bila haraka.

Musyoka alinunua kufuli la geti. Hibo akashauri mtoto afunzwe kukataa: aitwe, atikise kichwa, alipwe njugu. Baba aanze. Basi Musyoka akawa anamwita mwanawe na kumlipa kwa kumkataa, na kila njugu ilimuuma. Baadaye Ndindi hakukosea tena.

Alasiri moja sauti ile ilirudi nyuma ya geti, laini.

"Njoo, nipe mkono."

"Ndindi, njoo kwangu," Musyoka akasema.

Mtoto alimtazama, akatikisa kichwa vizuri kama alivyofunzwa. Kisha akaenda getini, akapenyeza mkono kwenye tundu la kufikia kufuli, akasubiri.

Musyoka alimvuta. Kiganjani mwa Ndindi mlikuwa na njugu.

Alipofungua geti hapakuwa na mtu. Chini ya ukuta palikuwa na maganda ya njugu, rundo zima, mengine yameshaoza kwa mvua.

"Amejifunza kukukataa wewe tu," Hibo alisema kwenye simu. "Sasa anahitaji wageni wamfunze. Tafuta watu asiowajua, ila wewe unawaamini."

Musyoka aliwaza mtaa mzima, sura moja baada ya nyingine. Simu ilikuwa bado sikioni. Kati ya zote hakupata hata moja ya kuachiwa mkono wa Ndindi.