Maswali Aliyoyabeba Nabintu

Tulipopita Kabingo, mwenye pikipiki aliniuliza kwa mara ya tatu ninakwenda kwa nani, na kwa mara ya tatu nikamwambia ninakwenda kwa Nakivale3.

"Hiyo ni mutu ama ni kijiji, ssebo?"

Ilikuwa Mei 2013, na kwa miezi saba nilikuwa nimebishana na Nakivale3 mtandaoni bila kujua kama ni mwanamume au mwanamke, mzee au kijana. Jukwaa lenyewe lilikuwa la wanafunzi wa vyuo wa nchi za Maziwa Makuu. Sentensi ilianza kwa Kifaransa ikaishia kwa Kiswahili, na Kiingereza kikapita katikati. Watu walibishana kama sifuri ni namba shufwa. Walilalamikia uji wa bwenini na wahadhiri wanaosahihisha mitihani wakiwa na hasira. Mimi uanafunzi uliniisha zamani. Nilijiunga nikiwa nimekwama Bujumbura nikisubiri visa, na visa ilipotoka sikuondoka jukwaani.

Nakivale3 alinichanganya kuliko wote. Jumatatu aliuliza namna ya kujumlisha sehemu, kama mtoto wa darasa la tano. Alhamisi alimsahihisha mtu wa chuo kikuu kwenye hesabu ya integrali, na alikuwa sahihi. Kijana mmoja wa Goma alimwandikia: "Ndugu, chagua moja. Uwe mjinga au uwe profesa." Jibu lilikuja baada ya siku tatu, kama kawaida yake: "Tumesoma. Tunashukuru."

Basi nilishuka Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kuanza kuuliza. Muuza nyanya alisema Nakivale3 iko nyuma ya kanisa. Fundi baiskeli alisema imefungwa mpaka jua lipande. Mwanamke mwenye ndoo kichwani alisema, "Hata miye ni Nakivale3," akaenda zake.

Nyuma ya kanisa palikuwa na chumba cha udongo chenye kompyuta tatu. Mbili zilikuwa zimekufa. Ya tatu, ndiyo Nakivale3, ilitumia betri za jua, na kwa hiyo iliamka saa nane mchana ikalala saa kumi. Kando yake palikuwa na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa juu. Mtu mwenye swali la kupeleka jukwaani huliandika kwenye karatasi bila jina na kulitumbukiza humo. Karatasi husomwa na kuchapwa kwa zamu; yanayotoka jukwaani chumba kizima huyajadili, na baada ya siku tatu jibu huchapwa. Majina yalikatazwa tangu siku wanaume wawili waliposhikana mashati wakigombania jibu la trigonometria.

Aliyechapa alikuwa Nabintu, msichana wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwenye kalamu nyekundu aliyoichomeka kwenye nywele. Alitoka Walungu, Kivu Kusini. Kule alisoma sayansi mpaka mwaka wa tano wa sekondari, ukabaki mmoja apate diploma, cheti cha kumaliza sekondari. Vita vikaja, na karatasi zake za shule zikabaki kwenye nyumba ambayo haipo tena. Alipofika Uganda mwaka 2009 aliambiwa aanze upya kidato cha kwanza, akae na watoto wa miaka kumi na mitatu. Alikaa siku mbili, ya tatu hakurudi. Kanisa lilimpa kazi ya kuchapa.

Nilipoingia, watu kama wanane walikuwa wameinamia karatasi moja mezani.

"Karibu, mugeni," alisema mama mmoja mnene, Mama Kantengwa, mfugaji wa zamani kutoka nyanda za juu za Minembwe. "Kaa. Tuko na maulizo tano, na moja inatushinda."

"Maulizo ya nani?"

"Ya chuo ya Ruti. Kama tunajibu muzuri, Nabintu anaingia."

Nilielezwa, na kadiri nilivyoelezwa ndivyo nilivyozidi kupotea. Mwanachama mmoja wa jukwaa, Bwana Tumwesigye, alifundisha fizikia katika chuo kidogo cha Ruti, pembezoni mwa Mbarara. Alipendezwa na majibu ya Nakivale3, akamwandikia: njoo, nitakupa mtihani mdogo, ukifaulu utaingia mwaka wa maandalizi bila cheti. Imebaki nafasi moja, na masomo yanaanza Jumatatu ijayo. Chumba kilikaa kikaamua nafasi iwe ya Nabintu, kwa kuwa wengine walikuwa na watoto au walishazeeka. Jana yake alikwenda. Mwalimu alimkalisha darasani saa tatu asubuhi, akampa karatasi, akasema atarudi saa sita. Nabintu alisoma maswali yote matano, akaikunja karatasi vizuri, akaitia kwenye mkoba na kurudi Nakivale.

"Lakini alitaka uandike palepale," nilisema.

"Palepale na nani?"

"Peke yako."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha ya samaki. "Mitihani naijua, papa. Kwetu tulifanya mingi. Lakini hakuniita miye. Aliita Nakivale3. Nakivale3 ni shiye bote, batu ya hii chumba. Miye nilitumwa tu kuleta maulizo."

"Mutoto anasema kweli," alisema Papa Constantin, mzee aliyefundisha hisabati Uvira miaka ishirini kabla macho yake hayajaingia ukungu. "Barua ilikuja kwa Nakivale3. Soma barua."

Walinisomea, na kweli jina lilikuwa hilo. Kwa dakika kadhaa hata mimi sikujua aliyekosea ni nani.

Saa nane kompyuta iliamka. Ujumbe wa Bwana Tumwesigye ulikuwa unasubiri: "Nakivale3, nilirudi nikakuta kiti kitupu. Umekimbia?"

"Anatuharakisha," alisema Mama Kantengwa. "Batu ya Mbarara habana subira. Mwambie siku tatu."

"Mama, anafikiri nimekimbia," Nabintu alisema. Sauti yake ilibadilika. Sasa alikuwa ameelewa. "Anafikiri sijue kitu."

Nilimshauri aandike ukweli. Aliandika mistari mingi, akaifuta, akabakiza mmoja: "Ninarudi Alhamisi na majibu yote."

Swali lililowashinda lilikuwa la tatu. Kwa nini maharage huchelewa kuiva Kabale kuliko Mbarara? Papa Constantin alisema ni baridi ya kule, inanyang'anya sufuria moto. Mama Kantengwa alisema kule Minembwe maharage yalichukua nusu siku hata jua likiwaka, na dawa yake ilikuwa kuweka jiwe juu ya kifuniko. Nabintu alichomoa kalamu nyekundu kwenye nywele, akayakata maneno ya Papa Constantin karatasini.

"Ehe! Unanikata mbele ya wageni?"

"Pole, Papa. Kule juu hewa ni kidogo, kwa hiyo maji yanachemka mapema, kabla ya kupata moto ya kutosha. Unaona mapovu, unafikiri imeiva, kumbe maji haina nguvu." Pembeni akaandika: *Jiwe la Mama Kantengwa linafanya kazi ya hewa iliyopungua.*

Mama Kantengwa alidai asomewe sentensi hiyo mara mbili.

Alhamisi nilimsindikiza Ruti. Bwana Tumwesigye alikuwa mrefu, mwenye sweta licha ya joto. Alipokea karatasi saba zenye miandiko mitano, akazigeuza huku na huku.

"Nyabo, hii ni nini? Nani aliandika?"

"Nakivale3."

"Nakivale3 ni wewe?"

"Ni miye na bengine."

"Wengine ngapi?"

Nabintu alihesabu kwa vidole, akaongeza mkono wa pili. Mwalimu aliketi. Alisema hawezi kuingiza watu wanane kwenye kiti kimoja. Alisema mwingine angeita huu udanganyifu, lakini hajawahi kuona mdanganyifu anayekuja na orodha ya waliomsaidia. Alisoma tena, polepole, na safari hii kidole chake kilifuata wino mwekundu tu.

"Nyekundu ni nani?"

"Ni miye."

"Sawa. Sasa swali ya sita. Hapa, sasa, mugeni anyamaze." Alichora sufuria ubaoni na kifuniko chenye upana wa sentimita thelathini. Akaandika tofauti ya kanieneo ya hewa kati ya Mbarara na Kabale, paskali elfu tano hivi. "Unasema jiwe inafanya kazi ya hewa. Jiwe ya kilo ngapi?"

Nabintu alitazama mlango. Alinitazama mimi, nami nikatazama sakafu. Nilidhani amekwisha. Nafasi ilikuwa moja na Jumatatu ilikuwa karibu.

Kisha akaanza kunong'ona. "Papa Constantin angesema, tafuta eneo kwanza." Akatafuta eneo. "Mama Kantengwa angesema, jiwe ni jiwe, muwache hesabu. Hapana, mama, ngoja." Alizidisha, akafuta, akazidisha tena, akigombana kwa sauti ndogo na watu waliokuwa umbali wa mwendo wa nusu siku. Mwishowe aliandika namba, akarudi nyuma hatua mbili, akashika mdomo.

"Kilo makumi tatu na sita."

"Eh."

"Haiwezekani. Jiwe yake ilikuwa kilo tatu, ine. Nimekosa wapi?"

"Hujakosa," alisema mwalimu.

"Basi niliandika uongo." Aliichukua karatasi ya tatu mezani na kukata sentensi yake mwenyewe, ile ya pembeni, kwa wino uleule mwekundu. "Lakini maharage iliiva, mwalimu. Mama hasemi uongo. Jiwe ilifanya nini, basi?"

"Mimi sijui." Alikuna shingo. "Labda ilifunga mvuke. Labda hapana. Kuja Jumatatu, tutapima. Muhula moja ya kujaribu, na wewe mwenyewe tu, si kijiji."

Njiani kurudi, tulipopita Kaberebere, Nabintu hakuonyesha furaha niliyoitarajia. Aliuliza mara mbili kama mwalimu amesema njoo au amesema tutaona. Nilimwambia amesema njoo. Baadaye akauliza, "Na majibu mengine ine, za bote, haikusaidia kitu?"

Mimi nilikusudia kuondoka Jumamosi kuelekea Kigali. Ijumaa Mama Kantengwa aliniuliza kama ninajua kuchapa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ninajua Kifaransa. Nikasema ndiyo. "Papa Constantin haoni, bengine habajue," alisema. "Nani atatuandikia?" Hakungoja jibu. Alikwenda kunitandikia kitanda.

Jumatatu alfajiri pikipiki ilikuja kumchukua Nabintu. Alikuwa na sanduku la bati, godoro lililokunjwa, na kalamu yake nyekundu kichwani. Papa Constantin alimshika mikono yote miwili na kumwambia akianza hesabu atafute eneo kwanza. Nabintu alicheka huku akilia. Hakuwa amewaambia habari ya kilo thelathini na sita. Alingoja mpaka amepanda, injini ikinguruma, ndipo akainama na kumwambia Mama Kantengwa maneno machache sikioni.

Mama Kantengwa alirudi nyuma kama aliyechomwa mwiba. "Nini? Jiwe yangu?"

Pikipiki iliondoka.

"Nabintu! Wee Nabintu! Tulikula ile maharage miaka makumi tatu! Na jiwe?"

Nabintu aligeuka juu ya godoro na kupaza sauti. Aliinua mkono, akasema kitu kirefu, lakini injini ilikimeza, na njia ikampindisha nyuma ya migomba ya watu wa Kabazana.

"Amesema nini?" Mama Kantengwa aliniuliza.

"Sikusikia."

Saa nane kompyuta ya tatu iliamka. Nilifungua kopo nikakuta karatasi nne. Ya kwanza iliuliza kugawanya kwa sifuri. Ya pili na ya tatu zilikuwa za watoto. Ya nne haikuwa na jina, ila ilikuwa ya wino mwekundu: *Jiwe la kilo tatu juu ya kifuniko linafanya nini?* Mama Kantengwa alitaka ichapwe kwanza. Papa Constantin alisema hapana, zamu ni zamu. Waligeuka wote wawili kunitazama mimi, nami nilikuwa bado natafuta herufi ya kwanza.