Aya Niliyomsomea Mzee Parsaloi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kajiado, Mchungaji Kiongozi hakuniuliza kama najua kuhubiri. Aliniuliza kama nimenawa mikono. Nikamwonyesha viganja, naye akafungua kabati akanitolea vitabu vitatu, kimoja kimoja, akivishika kwa chini ili majalada yasing'oke.

Cha kwanza kilikuwa itifaki. Vijana wengi siku hizi hawajawahi kuiona, kwa hivyo wacha niieleze: ni kitabu kinene kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti, na kando ya kila neno kinakuonyesha mahali pote lilipotumika. Cha pili kilikuwa kamusi ya Biblia, ya kukuambia talanta ilikuwa na uzito gani na Wasamaria walikuwa watu gani. Cha tatu kilikuwa cha maelezo, sisi tuliita komentari, ambamo wasomi wamefafanua mlango kwa mlango, yaani sura kwa sura, na wasipokubaliana wanakuambia hawakukubaliana.

"Niambie kwa nini Yesu alilaani ule mtini, na haikuwa hata msimu wa tini," akasema.

Nikaanza kujibu. Akanyanyua mkono.

"Sijataka mawazo yako. Mawazo yako utanipa ukishasoma. Kaa chini."

Nilikaa chini mpaka saa kumi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa uinjilisti. Soma yaliyotangulia na yanayofuata. Uliza barua iliandikiwa nani na kwa sababu gani. Fuata marejeo ya pembeni, yale maandishi madogo ukingoni mwa ukurasa yanayokutuma kwenye aya nyingine. Komentari unaifungua mwisho. Kwa miaka miwili sikusimama mbele ya watu bila karatasi yangu kukaguliwa kwanza. Laiti ningeendelea hivyo!

Kisha nikapelekwa Mashuuru. Mimi ni mtu wa Murang'a. Kimaasai nilijifunzia kazini, na nilikijua vya kutosha kujidanganya kwamba nawajua wenyewe. Huko nilikuwa peke yangu. Washirika waliniita Mwalimu. Vitabu nilivitia kwenye sanduku la bati kwa sababu ya mchwa, nikafunga kufuli, na naona aibu kusema kufuli ile ilianza kushika kutu. Watu walikuwa wananisikiliza tu, chochote nilichosema. Ukisikilizwa sana unaanza kuona kukagua ni kazi ya watu wasiojua.

Mzee Parsaloi alikuja kutaka ubatizo. Alikuwa na wake wawili. Yule mdogo, Nashipai, alikuwa mama wa watoto watatu, na yeye ndiye aliyeanza kuja kanisani na kumshawishi mzee mpaka akakubali. Sasa mzee alikuwa amesikia mahali kwamba Paulo alimwandikia Timotheo habari za mume wa mke mmoja.

"Mwalimu, hiyo maneno iko?" akaniuliza.

"Iko."

"Ni yangu?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema tu, mzee, nipe siku tatu. Sanduku lilikuwa hatua kumi kutoka tuliposimama. Badala yake nilifungua Biblia, nikamsomea ule mstari mmoja, nikaifunga.

"Imeandikwa, mzee. Mke mmoja."

Wazee wa rika lake, wakipewa neno na mtu wanayemheshimu, hawalirudishi kwake kwa mjadala. Wiki hiyo hiyo Nashipai alirudishwa kwa kaka yake, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Watoto walibaki, kwa sababu kwa desturi mtoto ni wa boma la baba. Jumapili mzee akabatizwa. Tuliimba sana siku hiyo, na mimi ndiye niliyeongoza wimbo.

Mwezi mmoja baadaye Mwangalizi wa wilaya, mkubwa wetu sote, aliniagiza nitayarishe somo la wazee wa kanisa kutoka barua hiyo hiyo ya Paulo kwa Timotheo. Kwa kuwa angekuja mwenyewe kusikiliza, nilifungua sanduku. Komentari ikasema pale Paulo anaeleza sifa za mtu anayetaka kuwa askofu. Si masharti ya kubatizwa. Ikasema hata wasomi hawakubaliani maneno yale yana maana gani hasa. Marejeo ya pembeni yakanipeleka kwa Wakorintho, Paulo akitaka kila mtu akae katika hali aliyoitwa nayo, na itifaki ikanifikisha kwa Malaki, Mungu akisema anachukia kuachana. Kazi yote ile ilinichukua alasiri moja. Alasiri moja tu, jameni!

Nilimwendea Mwangalizi na karatasi zangu. Alizisoma zote, hakuruka hata moja.

"Uko sawa," akasema. "Umeambia nani?"

"Bado sijaambia mtu."

"Basi nyamaza. Ukirudi useme ulikosea, kesho watauliza umekosea wapi kwingine. Huyo mama Mungu atamwangalia."

Nikanyamaza. Hakunishikia bunduki. Nilinyamaza kwa sababu maneno yake yalinifaa, na nikaendelea kuamkiwa na Mzee Parsaloi kila Jumapili kama mtu aliyemtendea wema.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Kitengela, kanisa kubwa la viti vya plastiki na spika zinazotikisa mabati. Kwa hasira juu ya nafsi yangu nikawa mkali kupita kiasi. Nilianzisha darasa la kufundisha kutumia vitabu, nikaanza na watu kumi na wanne, wakabaki wawili, halafu nikabaki mimi. "Mwalimu, simu inakupa mistari yote hapo hapo," kijana mmoja mhubiri aliniambia, na hakuwa na dharau. Ni kweli simu inakupa. Lakini nilimsikia Jumapili iliyofuata akichukua mstari mmoja na kumwambia mwanamke mgonjwa kwamba hana imani, na mwanamke akalia, na watu wakapiga makofi. Ningemkemea kwa mdomo gani? Nikarudi zangu nyumbani. Baadaye kabati la vitabu likahamishiwa stoo, nyuma ya nyaya za spika, na panya wakala kamusi kutoka herufi A mpaka karibu M.

Siku ya kustaafu walinivisha shuka la Kimaasai, wakanilisha keki, wakaniita mtu wa Neno. Nilitamani ardhi ipasuke. Watu hudhani kustaafu ni kupumzika. Mimi nimepata tu nafasi ya kukumbuka mchana kutwa.

Wiki iliyofuata nilisafiri kwenda kwa kaka yake Nashipai. Mzee Parsaloi alikuwa ameshafariki. Nashipai nilimkuta amekaa nje, nywele zimekuwa nyeupe.

"Takwenya," nikamsalimu.

"Iko," akaitikia kwa Kimaasai, na akanijua kabla sijajitaja.

Nilimweleza yote: aya, sanduku, Mwangalizi. Nikamwambia hakupaswa kuondoka, na kosa ni langu.

"Hiyo kitabu ulisoma lini, Mwalimu?"

"Mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka."

"Mwezi mmoja," akasema. "Ile nyumba nilijenga na mikono yangu. Kwetu hakuna mwanamke anapaka nyumba ya mwingine mavi ya ng'ombe, kwa hivyo mvua iliikula pole pole mpaka ikaanguka. Lakini huo mwezi ulisoma kitabu, ilikuwa bado imesimama. Watoto walikuwa wanalala ndani. Walikataa kuhamia kwa mama mkubwa, mke mwenzangu. Walikuwa wananingoja."

Akainuka akaenda kufungulia ndama. Nilibaki nimekaa hapo mpaka kaka yake akaja kuniuliza kama ningekunywa chai. Nikasema ndiyo.