Siku Hawa Alipokataa Shule ya Vidudu

Nakumbuka, mwanangu, Jumatatu moja pale kijijini kwetu Kiegeani, mdogo wangu Hawa aliponing'ang'ania mguu kwa mikono na miguu, kama mkwezi aliyeshikwa na kizunguzungu juu ya mnazi, na wanawake watatu wakashindwa kumbandua.

Umenieleza kwamba mwanao ataanza chekechea mwezi ujao, na kwamba begi umeshanunua, na viatu. Umefanya vema. Lakini kabla hujaridhika, nisikilize. Mimi niliacha shule darasa la tano, sina ya vitabuni. Nina hili nililoliona kwa macho yangu, na hata leo nikilifikiria mwili hunisisimka.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kijiji chetu kilijenga banda la makuti karibu na ofisi ya chama, wakaliita shule ya vidudu. Kina mama wakienda shamba la kijiji waliwaacha watoto pale, wakafundishwa nyimbo na kuhesabu, wakapewa uji. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, kazi yangu kukwea na kuangua nazi. Hawa alikuwa na mitano. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata miaka miwili kabla ya siku hiyo ninayokusimulia. Tulibaki wawili.

Nilimwandaa Hawa kama nionavyo unavyomwandaa mwanao. Nilimfundisha kunawa mikono, kujivalisha gauni, kusema akibanwa na haja, kumwamkia mkubwa. Jirani alimsuka nywele, mimi nikampaka mafuta ya nazi hadi akang'aa. Nilimtafutia kikombe cha bati cha uji wake, nikakisugua kwa mchanga. Nikajiona nimemaliza. Usione vyaelea, vimeundwa. Nami nilidhani chombo changu nimekiunda sawasawa.

Tulipofika bandani nikamwambia, "Haya Hawa, kaa na wenzio. Mimi nakwenda minazini, nitarudi."

Hapo ndipo aliponirukia mguu. Hakulia kilio cha deko, mwanangu. Alipiga yowe la mtu anayeona jambo la kutisha ambalo wengine hawalioni. Vijana wenzangu waliokuwa wakipita na majembe wakaangua kicheko. "Mama Hawa!" mmoja akaniita. "Mnyonyeshe kwanza, ndipo uje shambani!" Nikambeba nikarudi naye nyumbani, uso umenishuka.

Jumanne ikawa vilevile, na Jumatano vilevile. Nilimwahidi miwa, nikamtisha kwa fimbo ya mwalimu. Nilivyozidi kumwambia "nitarudi", ndivyo alivyozidi kukaza mikono.

Basi shangazi yetu, aliyeolewa Rufiji, alikuwa amekuja kututazama wiki hiyo. Jumatano jioni akaniweka kitako. "Sele, baba, mtoto wa kike halelewi na mkwezi. Ukiwa juu ya mnazi, huyu anabaki na nani? Shule ndiyo hiyo haitaki. Ikifika Ijumaa hajakaa, Jumamosi naondoka naye."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma. Niliapa mbele ya jeneza la mama kwamba sitaachana na Hawa. Sasa kiapo changu kilibakiwa na siku mbili tu.

Alhamisi asubuhi Hawa akaning'ang'ania tena. Mpishi wa uji, ajuza mmoja aliyeitwa Bi Mwanaisha, akaweka mwiko wake chini, akaja akanivuta pembeni huku mtoto yuko mguuni.

"Mjukuu wangu, ukitaka kumwacha unamwambiaje?"

"Namwambia nitarudi, bibi."

"Na mama yenu, alipochukuliwa kwenda hospitali Kilindoni, alimwambiaje?"

Nikakumbuka. Mama alimshika Hawa kidevu pale mlangoni akamwambia, "Nitarudi, mwanangu." Aliporudishwa, alirudishwa ndani ya sanda, na sisi wakubwa tulimpeleka Hawa kwa jirani ili asione maziko. Ndiyo ilivyokuwa desturi yetu: mtoto mdogo haambiwi msiba, huambiwa mzazi amesafiri. Nami kwa miaka miwili, kila alipouliza, nilimwambia, "Mama yuko Kilindoni, atarudi." Kila alasiri alikwenda kukaa kwenye jiwe, akitazama barabara ya Kilindoni, nami nilidhani anacheza.

"Bado mdogo, bibi," nikasema. "Ningemwambiaje?"

Bi Mwanaisha akashusha sauti. "Wewe unamwona mdogo. Yeye ameshajifunza kwamba asemaye nitarudi harudi. Nani amemfundisha somo hilo, kama si wewe? Umemsugulia kikombe, baba, ukamwacha na uongo wako. Nenda kamwambie. Kesho ulete mtoto."

Mficha maradhi kilio humuumbua. Alasiri ile nilimshika Hawa mkono, nikampeleka makaburini. Nilimwonyesha kaburi la mama, nikamwambia, "Mama yuko hapa, Hawa. Hayuko Kilindoni. Mama alikufa. Nilikudanganya, nisamehe."

Nilingoja yowe. Halikuja. Akachuchumaa, akaniuliza kama mtu anayetaka kujua habari kamili.

"Anapumua?"

"Hapumui."

"Ana njaa?"

"Hana njaa, wala haumwi tena."

"Atarudi?"

"Harudi, Hawa. Aliyekufa harudi. Sisi ndio tutakaomfuata, siku Mungu akipenda."

Akaondoa majani makavu juu ya kaburi, moja moja, hata yakaisha. Kisha akaweka kiganja kwenye mchanga, akasema, "Shikamoo, mama." Akasubiri. Nami nikajikuta nasubiri pamoja naye.

"Hajaitikia," akasema.

"Hawezi."

Nikaona usoni mwake fikra zinafanya kazi, mwanangu, kazi ambayo mimi na miaka yangu kumi na sita sikuiweza. Kisha akanigeukia.

"Wewe ukienda minazini, unakufa?"

"Sifi. Nakwea, naangua, nashuka."

"Basi wewe unarudi."

Subhana'llah! Nililia pale kama mtoto. Na mtoto akanishika kidole, akaniambia, "Usilie, kaka. Twende, bado hujapika."

Ijumaa tulipofika bandani sikumwambia tena lile neno "nitarudi" peke yake. Nilimwonyesha minazi nitakayokwea, ile iliyo nyuma ya msikiti. Nikamwambia, "Mtaimba, mtakunywa uji, mtacheza. Muadhini akitoa adhana ya Ijumaa, tazama njia, nitakuwa nakuja." Alilia kidogo, chozi la kawaida, akaachia mguu mwenyewe. Shangazi alikuwa amesimama kando ya ukuta wa ofisi, amejitanda mtandio, anatazama.

Sijapata kuogopa mnazi kama siku ile. Kila kole la nazi nililoshika nililishika mara mbili, maana nilikuwa nimetoa ahadi. Sauti ya adhana ilipoanza nilikuwa nimeshashuka, nakimbia, nazi nimeziacha chini zimetapakaa. Hawa hakuwa hata anatazama njia. Alikuwa amekaa na msichana mwenzake, mdomo umejaa uji, anamweleza bila haraka, "Mama yangu amekufa. Kaka yangu yuko juu ya mnazi."

Shangazi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya, Sele," akasema. "Mtoto amekaa." Jumamosi akaondoka peke yake.

Mwanangu, wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi naongeza kwamba humlei kwa kumficha. Begi na viatu ni vyema, mnunulie. Lakini siku chache kabla hajaanza shule, kaa naye chini umuulize anaogopa nini, kisha nyamaza umsikilize hadi mwisho. Usimtishe kwa mwalimu. Usimtoroke akigeuka kucheza. Mwambie unakwenda wapi na utakuja saa ngapi, na saa hiyo ikifika uwepo, hata kama kazi imebaki nusu. Na kama nyumbani kwenu lipo jambo zito, mwambie kwa maneno anayoyaweza. Moyo wa mtoto ni mpana kuliko tunavyoupima. Mimi nimeuona, nikasimama mbele yake nimeduwaa.

Mwenyezi Mungu amfungulie mwanao mlango wa elimu, ampe marafiki wema na mwalimu mwenye huruma. Nawe akujaalie ulimi wa kweli mbele yake, na umri wa kumpokea kila atokapo darasani. Amina.