Godoro Haliitikii Wimbo

Asuman ni kinyozi wa Arua, kule Uganda, na kama kinyozi yeyote anayejiheshimu, hakuna jambo duniani asilolijua. Siasa anazijua, mpira anaujua, ndoa za watu ndiyo usiseme. Kwa hiyo daktari alipomwambia mama yake, Mama Kaltumu wa Koboko, kwamba uvimbe wa kooni lazima ukatwe mara baada ya Idi, na kwamba sauti huenda isirudi, Asuman hakulia. Alitangaza mbele ya wateja, mashine ya kunyolea mkononi, kwamba atamrekodi mama kabla hajaenda hospitali, tena kwa mitambo ya maana.

Amrekodi nini? Mgeni utauliza. Mama Kaltumu ndiye anayeanzisha nyimbo za doluka, ngoma ya Wanubi ya harusini. Hakuna bibi harusi wa Koboko aliyetoka kwao bila yeye kumtajia ukoo wake, babu kwa babu, huku akiwarushia vijembe upande wa bwana harusi. Nyimbo hizo hazikuandikwa popote. Zilikuwa kooni mwake, mle mle mwenye uvimbe.

"Mrekodi na simu," dada yake Shamirah, anayekaa na mama, akamwambia kwa simu hiyo hiyo. "Leo. Mama anaimba, mimi nabonyeza, tumemaliza."

"Simu!" Asuman akacheka mpaka mteja aliyekuwa kitini akajishika sikio kuliokoa. "Sauti ya mama niiweke kwenye simu, kama tangazo la dawa ya panya?"

"Mchagua jembe si mkulima, kaka."

"Na haraka haraka haina baraka."

Methali hazikosi, kila mtu na yake. Basi Asuman akaanza kuchagua. Alikwenda Ediofe, pale pale Arua, kwa Acidri, fundi wa studio anayerekodi kwaya. Acidri, maskini, akamwambia ukweli: kwa nyumba ya kawaida, anza na maikrofoni ya kushika mkononi, ile isiyojali kelele za mbali, tafuta hedifoni nzuri, kile kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta, na programu ya bure. Inatosha.

Asuman akatoka amenuna. Programu ya bure! Mama yake alimzaa bure? Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wa video za Wazungu wenye vyumba vya zulia, waliokuwa wakigombana juu ya programu ipi ina vitufe vingi zaidi. Ramadhani ikaingia, anachagua. Ramadhani ikafika katikati, anachagua. Shamirah akipiga simu kusema sauti ya mama imeanza kukwaruza, anajibiwa kwamba stendi bado iko njiani kutoka Kampala. Mwishowe alinunua maikrofoni nene, ya fahari, ambayo muuzaji aliapa kwamba inasikia hadi mchwa akitafuna. Muuzaji hakudanganya. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake.

Idi ikapita. Siku moja kabla ya safari ya hospitali, Asuman akashuka Koboko na maboksi yake. Wanawake wa doluka walikuwa wamejaa uani kwa mama na ngoma yao, wamejipaka hina, wako tayari.

"Mama zangu, samahani," Asuman akasema, "mtoke kidogo. Kazi hii inataka kimya."

Wakamtazama kama mtu anayewafukuza waombolezaji matangani. Wakasogea jikoni. Asuman akaingia chumbani, akatundika magodoro ukutani, akaziba dirisha kwa blanketi, akamkalisha mama kwenye lile joto, hedifoni kichwani. Akawasha. Maikrofoni ikasikia mashine ya kusaga ya jirani. Ikasikia mbuzi. Ikasikia lori la kwenda Sudani na Shamirah akimenya muhogo kule nje. Huyo mchwa sijui.

"Imba, mama."

"Nani anaitikia?"

"Waitikiaji tutawaongeza baadaye, ndani ya kompyuta."

Mama Kaltumu akaligeukia godoro. "Asuman. Mimi nataja ukoo ya mutu, watu wanasema ndiyo, ni huyo. Sasa hapa nani atasema ndiyo? Godoro?"

Hata hivyo akajaribu, maana mtoto ni mtoto. Wimbo ukatoka maneno mawili, ukakatika. Akajaribu tena, kikaja kikohozi. Hapo ndipo Asuman alipoogopa kweli. Aliona kwamba sauti ya mama itakwisha mikononi mwake, mbele ya vitufe vyote vile, na kwamba aliyeimaliza ni yeye.

Kule jikoni wanawake walichoka kufukuzwa. Mmoja akapiga ngoma, wengine makofi, wakaanza kumwimba Asuman na magodoro yake. Mama Kaltumu akainua kichwa. Akavua hedifoni, akampa mwanawe kama mtu anayerudisha sahani, akatoka.

Lo! Aliimba. Asuman alikimbia nyuma yake na stendi, maikrofoni bado inarekodi, waya ukamgomea kizingitini, akachuchumaa hapo hapo mlangoni, hedifoni masikioni. Zikapita koo za Koboko zote, hai na wafu, na kila jina likaitikiwa. Katikati akasikia: "Mwanangu kaninunulia sikio kubwa, kasahau mdomo wa kuniitikia!" Wanawake wakaitikia kwa nguvu kuliko walivyoitikia ukoo wowote.

Mama akakatwa uvimbe, akapona, alhamdulillah. Sauti haikurudi. Ilibaki ya kunong'ona.

Asuman naye, kinyozi ni kinyozi, akaikalia kompyuta. Akaondoa mbuzi. Akaondoa mashine ya kusaga. Akaona raha, akabonyeza tena, wakaondoka wanawake wote na ngoma yao. Akabaki mama peke yake, safi kama maji ya chupa. Akaenda nayo Koboko kifua mbele.

Mama akasikiliza, wanawake wa doluka wamemzunguka mkekani. "Huyu mama iko peke yake," akanong'ona. "Wenzake wamekufa?"

Asuman, mjuzi wa kila jambo, akainamia kompyuta. Akaweka ile ya kwanza, yenye mbuzi na kila kitu. Sauti ikaanzisha kutoka kwenye spika. Wanawake mkekani wakaitikia, na katikati yao, mkono kooni, Mama Kaltumu akajiitikia mwenyewe kwa mnong'ono. Kilipofika kijembe cha sikio kubwa, akampiga Asuman kofi gotini. Asuman akalia, waziwazi, mbele ya majirani.

Shamirah hakumbembeleza. Alivuta mkeka karibu na spika.

"Rudisha nyuma kidogo, kaka," akasema. "Huo ukoo wa mwisho sijaushika."