Mgeni Aliyezaliwa Butiama

Wiki hii tumemzika Butiama rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa sangara, na kila aliyeshika kipaza sauti alimwita mwenzetu. Mwenzetu tangu lini? Mtu huyu amekufa na kibali cha ukaazi mfukoni, kibali cha mgeni, naye kitovu chake kilizikwa palepale. Nina hasira, wasomaji wangu, na safari hii siombi radhi.

Alizaliwa wakati Mwingereza bado anatutawala. Bibi mmoja asiye na mtoto alitoa ng'ombe wake akaoa msichana kutoka upande wa Kenya, amzalie watoto wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobhu, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, alimozaliwa rafiki yangu, na Mara hakuna anayeishangaa. Mtoto ni wa bibi aliyetoa ng'ombe. Mwanaume aliyemzalisha yule msichana hana haki juu yake. Mkoloni alipofungasha virago, sheria ikasema raia ni aliyezaliwa hapa na mzazi mmoja aliyezaliwa hapa. Wengine wajiandikishe kabla muda haujaisha. Nani Butiama angekwenda kujiandikisha kuwa mtu wa kwao?

Miaka ya shida, tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni, hakuna aliyemuuliza kitu. Ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa, sangara wakawa mali, na mshindani wake wa Mugango akapeleka barua ofisi ya uhamiaji Musoma kwamba huyu ni Mkenya. Nilimsindikiza ofisini. Ofisa akauliza baba yake alizaliwa wapi, naye akamtaja yule bibi aliyetoa ng'ombe. Ofisi nzima ikacheka. Ofisa, mwana wa Mara kama sisi, alielewa vizuri sana, akatuvuta pembeni akatuambia amekwisha kuulizia: yule mwanaume aliyemzaa yu hai, ni mzaliwa wa Butiama, yuko tayari kuapa. Amtaje tu, mambo yaishe. Nami nikamsihi akubali.

"Nikimtaja yule, nyumba ya bibi imekufa," alinijibu. "Ng'ombe alitoa nani? Mimi nilikuwaga mtoto wake siku zote. Leo nimkane, nipate karatasi?"

Nilimwita mjinga mbele ya watu. Leseni yake ilifutwa, akapewa kibali cha mgeni, na biashara ikaangukia mikononi mwa yule mwandika barua. Siku za uchaguzi alishinda nyumbani kwake Bweri akipalilia mihogo, sisi tukirudi na wino kidoleni. Tulishusha bendera ya mkoloni kwa vifijo, lakini fomu yake tumeendelea kuijaza bila kuuliza kama inatujua.

Somo ni chungu, na linaanza na mimi. Mle ofisini siku ile tulikuwa raia wengi na mgeni mmoja. Sisi raia tuliijua desturi ya Mara, tukamwomba aikane. Aliyeitetea ni mgeni.